Burkitt, Denis Parsons (1911–1993), na saratani ya taya ya watoto

Denis Parsons Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, mzaliwa wa mji wa Enniskillen kaskazini mwa Ireland, aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966. Jina lake limebaki katika vitabu vya tiba kutokana na limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayokua haraka kuliko karibu saratani nyingine zote zinazompata binadamu: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Makala haya yanahusu maandishi yake ya kitaalamu, na yanatetea hoja moja. Alichokieleza Burkitt kuhusu mwili wa mgonjwa, yaani viungo gani vinavimba, kwa umri gani, na vipi vinasalimika, kimesimama imara kwa zaidi ya miaka 60. Alichokichora kuhusu mahali ugonjwa unapopatikana kimesimama pia. Alichodhani kuwa ndicho chanzo hakikusimama. Wapo wanaomsifu kana kwamba alikitegua kitendawili chote, na wapo wanaomshusha kwa kuwa alikosea. Wote wanaipima kazi yake kwa kipimo kisichoifaa, kwa sababu nguvu ya maandishi hayo iko katika namna swali lilivyoulizwa.

Swali lenyewe lilikuwa fupi: wapi? Alilizoea kabla hajakutana na saratani. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya ambaye katika miaka ya 1920 aliwafunga ndege wadogo pete miguuni na kuchora mipaka ya maeneo yao, mmoja baada ya mwingine, hadi akaheshimiwa na wataalamu wa ndege. Mwana, aliyepoteza jicho moja akiwa na miaka 11, alianza masomo ya uhandisi Dublin kabla ya kuhamia udaktari. Kituo chake cha kwanza Uganda kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, na huko alipasua mabusha kwa wingi. Aliona kwamba wagonjwa hao hawakutoka kila upande kwa kiasi kimoja: upande wa mashariki wa wilaya walijaa, upande wa magharibi walikuwa adimu. Aliandika kuhusu mabusha katika jarida la The Lancet mwaka 1951. Leo msomaji yeyote wa pwani yetu anajua kwamba matende na mabusha huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, kwa hiyo tofauti ya eneo na eneo haimshangazi. Lakini kwa daktari wa upasuaji wa wakati ule, ambaye kazi yake ilikuwa kukata na kushona, kuuliza mgonjwa ametoka kijiji gani hakukuwa sehemu ya ufundi wake. Nadhani hapa ndipo ilipoanza tabia iliyozaa yote yaliyofuata.

Mwaka 1957, Burkitt akiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita wodi ya watoto amtazame mvulana wa miaka 5. Taya zake zote mbili zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Jambo hilo lilikuwa gumu kufasiri. Usaha wa jino huvimbisha upande mmoja. Uvimbe wa kawaida wa mfupa huanza mahali pamoja ukasambaa kutoka hapo. Ugonjwa unaoshika pembe nne za kinywa kwa mkupuo haukuwa na nafasi katika vitabu alivyosoma. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Akitazama nje kupitia dirisha la hospitali, akamwona mtoto ameketi nyasini na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka akampima, na safari hii hakuishia usoni: tumboni namo mlikuwa na uvimbe. Mgonjwa mmoja wa ajabu ni ajabu tu. Wawili, tena wenye alama ileile kinywani na mmoja wao akiwa na nyingine tumboni, humlazimu mtu aulize kama ameona mambo mawili au jambo moja. Burkitt alirudi kwenye mafaili ya hospitali, akaanza kukusanya.

Inafaa kuutazama ugonjwa kwa karibu, kwa kuwa thamani ya makala yake ya kwanza imo katika mambo madogo. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni jino. Gego la mtoto linalegea kabla ya wakati wake, fizi inanyanyuka, na katika siku chache shavu limejaa. Kwenye picha ya eksirei, mzizi wa jino zima huzungukwa na mstari mweupe mwembamba, ambao ni ukuta wa mfupa wa tundu la jino; kwa mtoto huyu mstari huo hufutika mapema, hata pale ambapo uso haujaanza kuvimba, na meno yanaonekana kama yanaelea bila kushikiliwa na kitu. Uvimbe wa taya ya juu husukuma jicho nje. Wanaopatwa zaidi tayani ni watoto wadogo, wa umri ambao magego yao yanajengeka ndani ya mfupa; kadiri umri unavyosogea, taya hupata nafuu na tumbo ndilo hubeba mzigo. Huko tumboni hushikwa figo, ini, na kwa wasichana ovari zote mbili pamoja. Wengine huja wamepooza miguu kwa kuwa uvimbe umebana uti wa mgongo. Na kinachoshangaza zaidi ni visivyoguswa: tezi za shingoni na kwapani, pamoja na wengu, ambazo saratani za jamii hii huzipendelea, kwa kawaida husalimika. Chini ya darubini seli zimebanana nyeusi, na katikati yake kuna seli kubwa nyeupe zinazomeza mabaki ya seli zilizokufa, hivyo kipande kizima hufanana na anga ya usiku yenye nyota.

Makala aliyoichapisha mwaka 1958 katika British Journal of Surgery ilieleza watoto 38. Aliuita ugonjwa huo sakoma ya taya, na jina hilo lilikuwa na kosa. Wataalamu wa patholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na J.N.P. Davies, ndio walioonyesha kwamba seli hizo ni za jamii ya limfu, na baadaye Dennis Wright akazieleza kwa undani zaidi. Hapa pingamizi la kwanza linajitokeza, nalo ni zito. Uvimbe huu haukuwa mgeni: Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliuona mapema na kuuweka katika kumbukumbu zake, na Davies alikuwa na orodha ya saratani za Kampala kabla Burkitt hajaandika neno. Kama wengine waliuona kabla yake, na wengine ndio walioutambua kwa usahihi baada yake, yeye alifanya nini? Jibu ni kwamba aliunganisha. Mabingwa wa kila kiungo walikuwa na ugonjwa wao: wa macho alikuwa na uvimbe wa jicho, wa figo alikuwa na saratani ya figo, wa wanawake alikuwa na uvimbe wa ovari, wa meno alikuwa na taya. Kila mmoja aliandika jina lake kwenye faili lake. Burkitt, akiwa daktari wa upasuaji anayepokea kila kitu katika hospitali yenye mabingwa wachache, alifungua tumbo la mtoto aliyekwisha kumwona taya. Alisema kwamba hawa si wagonjwa wa magonjwa manne, ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja wenye mpangilio wake mwilini, na kwamba ndio unaoshika nafasi ya kwanza miongoni mwa saratani za watoto katika nchi hiyo. Kosa la jina halikuuvunja muungano huo. O'Conor alipokuja na darubini, alikuta mtaalamu wa kisu amekwisha kumpangia ni vipande gani vya kulinganisha, na mwaka 1961 wawili hao waliandika pamoja.

Baada ya hapo lilirudi lile swali la Lira. Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe na kuzituma kwa madaktari wa serikali na wa misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hicho. Majibu yakawekwa kwenye ramani kwa pini. Ukajitokeza mkanda mpana unaopita katikati ya bara, wenye mkia unaoteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Ili ajue mkia huo unaishia wapi na kwa nini, tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa ajili ya safari hiyo. Kwa wiki 10 walikwenda kilomita 16,000 hivi, kupitia Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, zaidi ya 50. Kazi ilikuwa rahisi kueleza na yenye kuchosha kutenda: toa picha, uliza, pekua mafaili, andika ndiyo au hapana.

Walichokipata ni kwamba ugonjwa una sakafu na dari. Karibu na ikweta haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Kadiri walivyoelekea kusini mpaka huo ulishuka, hadi Swaziland ukawa futi 1,000 tu. Nyanda za juu za Kigezi, Rwanda na Burundi hazikuwa nao, ilhali Lango, West Nile na kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria ulikuwepo tele. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alipoitazama ramani hiyo alitambua kwamba mpaka wa kimo ulikuwa kwa kweli mpaka wa joto. Mahali ambapo baridi ilishuka chini ya nyuzi 16 hivi za selisiasi, au ambapo mvua ya mwaka haikufika milimita 500, watoto walisalimika. Hayo ndiyo yaliyochapishwa mwaka 1962 katika Nature na British Medical Journal. Saratani inayofuata joto na mvua! Wakati ule saratani ilifikiriwa kuwa jambo la mwilini mwa mtu mwenyewe, kama uzee. Sasa ilikuwa na tabia ya homa ya manjano.

Mkosoaji wa takwimu ana haki ya kusimama hapa. Ramani hiyo haikutokana na sensa. Ilitokana na kumbukumbu za madaktari, na hospitali ya misheni penye barabara mbaya si kipimo cha idadi ya wagonjwa walioko vijijini. Sehemu isiyo na pini inaweza kuwa sehemu isiyo na daktari. Hoja hii ni sahihi dhidi ya mtu anayehesabu viwango. Burkitt hakudai viwango. Alidai kuwepo na kutokuwepo, na ugonjwa wenyewe ulimsaidia. Taya iliyovimba pembe nne haifichiki. Muuguzi aliyewahi kumpokea mtoto wa namna hiyo humkumbuka kwa miaka, na akionyeshwa picha hahitaji kupekua daftari. Tena kulinganisha kwake hakukuwa kati ya jiji na porini. Kulikuwa kati ya hospitali za milimani na za bondeni katika nchi ileile, zenye vifaa vilevile na mara nyingi za misheni ileile. Kama upungufu wa madaktari ndio uliochora ramani, ungefuata barabara na mipaka ya serikali. Haukuwa na sababu ya kufuata kimo cha ardhi wala kushuka taratibu kuelekea kusini.

Lakini kutokana na ramani sahihi Burkitt alitoa dhana iliyokosea. Alidhani kuna kirusi kinachosababisha saratani, na mbu au mdudu mwingine ndiye anayekibeba. Tarehe 22 Machi 1961 alikuwa ameeleza ugonjwa huo katika Middlesex Hospital, London, na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, alitoka ukumbini akiwa ameamua kuacha kazi nyingine zote. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka 2 hakukuonekana kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikapelekwa Manchester, na chupa ilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Epstein hakuyamwaga, aliyatazama kwenye darubini, akakuta ukungu ule wa chupani ni seli hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea. Hizo ndizo zilizokubali kukuzwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kipya ndani yake. Kirusi kilipatikana. Ila hakikubebwa na mbu: kinaenea kwa mate, na watu wazima karibu wote duniani wanacho, Ulaya kwenye theluji kama Afrika kwenye jua. Kirusi kilicho kila mahali hakiwezi peke yake kueleza ugonjwa ulio mahali maalumu.

Mdudu alikuwamo kwenye kisa, kwa kazi nyingine. Gilbert Dalldorf, Mmarekani, alikuwa amependekeza mapema kwamba ramani ya Burkitt ni ramani ya malaria kali isiyokoma. Zanzibar na Pemba zilikuwa ushahidi wa kuvutia: joto lipo, mvua ipo, watoto wanafanana na wa bara ng'ambo ya mlango wa bahari, lakini uvimbe ulikuwa adimu sana, na visiwa hivyo vilikuwa vimepigana na mbu kwa bidii. Mwaka 1969 Burkitt mwenyewe alichapisha makala ya kuiacha dhana yake na kuikubali ya malaria kama mshirika wa kirusi. Makala hiyo haisomwi sana, nayo kwangu ina uzito sawa na ile ya 1958, kwa sababu ni nadra mtu aliyepata umaarufu kwa wazo fulani kuliweka chini kwa mkono wake. Majaribio yaliyofuata hayakuwa mepesi. Huko West Nile damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa mapema, na ripoti ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba waliokuja kuugua walikuwa na kinga nyingi kupita kiasi dhidi ya kirusi hicho kabla ya uvimbe kutokea. North Mara, Tanzania, watoto waligawiwa klorokwini kuanzia mwaka 1977 ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza saratani. Idadi ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, na vimelea navyo vikaanza kuizoea dawa, kwa hiyo jaribio halikukata shauri. Maabara ndiyo iliyoongeza uzito: mwaka 1976 ilibainika kwamba katika seli hizi kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye ya 14, na mwaka 1982 kwamba kipande hicho hubeba jeni inayoamuru seli zigawanyike. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli za kinga ziongezeke na kukatakata jeni zake, kirusi huzizuia zisife, na kosa moja la kuunganisha huwasha moto. Maelezo hayo hayamo katika maandishi ya Burkitt. Lakini ondoa ramani yake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyatafuta.

Upande wa tiba aliandika kwa ufupi na kwa tija. Kisu hakikufaa kitu, na mashine za mionzi hazikuwepo Kampala, hivyo alijaribu dawa: methotreksati, siklofosfamidi, vinkristini, mara nyingine dozi chache mno. Nyuso zilinywea ndani ya siku, na baadhi ya watoto waliishi. Peter Clifford alikuwa akiona hayohayo Nairobi. Mwaka 1967 kituo cha matibabu ya limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kuna pingamizi la mwisho dhidi ya hoja ya makala haya, nalo linatoka katika maisha yake ya baadaye. Aliporudi Uingereza, Burkitt aliuliza swali lilelile la wapi kuhusu kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana: kwa nini ni magonjwa ya kawaida London na adimu Uganda? Akajibu kwamba chakula kilichokobolewa kimepoteza nyuzinyuzi. Mwaka 1972 yeye, Alec Walker na Neil Painter walichapisha vipimo vya uzito wa kinyesi na muda ambao chakula hutumia tumboni, na kitabu chake cha mwaka 1979 kwa wasomaji wa kawaida kilisambaa sana. Majaribio makubwa yaliyotolewa mwaka 2000 hayakuona kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache kunazuia vijivimbe vya utumbo. Tafiti za kuwafuata watu kwa muda mrefu ziliona uhusiano. Je, hii haithibitishi kwamba swali la wapi linapotosha? Inathibitisha kwamba lina masharti. Katika saratani ya taya alikuwa na ugonjwa mmoja uliochorwa wazi na mpaka mkali unaofuata kimo. Katika chakula alikuwa na magonjwa mengi yasiyofanana, na London na Uganda zinatofautiana kwa mambo mia: umri wa watu, mwendo, uzito, namna ya kukaa chooni. Mbinu ni ileile. Malighafi ilikuwa dhaifu, na Burkitt wa wakati huo alikuwa mhubiri kuliko mchora ramani. Bado aliwafanya wataalamu waiheshimu pumba waliyokuwa wakiitupa.

Kuhusu jina la ugonjwa, limfoma ya Burkitt ni desturi ya taaluma inayotaja mmoja na kuwanyamazia wengi. Wauguzi na makarani waliopekua mafaili, wakalimani walioeleza mama kwa nini tumbo la mwanawe linapigwa picha, hawakutajwa. Sebastian Kyalwazi, daktari bingwa wa upasuaji wa Uganda, alishiriki katika kuijenga taasisi ya Mulago, na Charles Olweny aliibeba wageni walipoondoka wakati wa Idi Amin, dawa zikiwa haba. Na wapo watoto. Nyuso zao ndizo zilizosambazwa kwenye karatasi zile za Burkitt, na seli zao ndizo zilizovuka bahari. Seli zilizotolewa kwa kijana wa miaka 16 wa Kenya mwaka 1967 bado zinagawanyika leo katika maabara za Ulaya, Marekani na Asia, zikitumika kupima dawa ambazo mtoto wa Lira au Musoma huzipata akichelewa, wakati ugonjwa ambao katika nchi tajiri huponyeka kwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 umekwisha kuongezeka maradufu mara kadhaa njiani.